Mimea Vamizi Haihesabiwi kwa Magunia

Desemba 2022, mjini Montreal, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilijiwekea lengo la kupunguza kwa angalau nusu, ifikapo 2030, kasi ya viumbe vamizi kuingia na kustawi katika maeneo mapya. Septemba 2023 jopo la kimataifa la wataalamu wa bayoanuwai, IPBES, likatoa ripoti iliyolitia uzito lengo hilo: zaidi ya spishi vamizi 3,500 zenye madhara zinajulikana duniani, zimechangia asilimia 60 ya visa vilivyorekodiwa vya spishi kutoweka, na hasara zilizosababisha zilikadiriwa kupita dola bilioni 423 za Marekani kwa mwaka, kwa hesabu ya 2019. Namba za aina hiyo humfanya mtu atake kusimama na kufanya jambo. Na jambo lililo jepesi kuliko yote kulipanga ni siku ya kujitolea. Mabasi yanashusha watu langoni mwa hifadhi, glavu zinagawiwa, fulana zenye nembo zinavaliwa, mimea inang'olewa mpaka mchana, picha ya pamoja inapigwa mbele ya rundo, na jioni taarifa inatoka. Watu wangapi. Magunia mangapi. Tani ngapi.

Sina ugomvi na watu hao. Nina ugomvi na hesabu. Nguvu ya anayejitolea katika kazi hii haiko kwenye wingi wa anachong'oa kwa siku. Iko kwenye kurudi palepale mwezi ujao na mwaka ujao, na kwenye jicho linaloutambua mche wa kwanza kabla haujawa kichaka. Kampeni inayopimwa kwa magunia huipoteza nguvu hiyo bure, na mara nyingine huiacha hifadhi pabaya kuliko ilivyoikuta. Lengo la 2030 lenyewe, ukilisoma kwa utulivu, linasisitiza zaidi kuzuia kuingia na kustawi. Habari ya kuondoa na kudhibiti ipo, lakini mkazo wake uko kwenye maeneo ya kipaumbele kama visiwa. Wengi tumelisoma kama mwito wa kufyeka.

Si kila mmea mgeni ni vamizi. Sehemu kubwa ya mazao yanayolimwa duniani yalitoka bara jingine na hayajawahi kuvuka ukingo wa shamba. Mmea huitwa vamizi pale unapoenea wenyewe, ukaikandamiza mimea ya asili na kubadilisha mwenendo wa mahali: maji, moto, rutuba, malisho ya wanyama. Wala mpaka wa nchi si kipimo. Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi, ni wa asili Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Katika misitu ya Usambara Mashariki, ndani ya Tanzania hiyohiyo, ulipandwa, hondohondo wakala matunda yake na kuzitawanya mbegu, nao ukajaza mapengo yaliyoachwa na ukataji wa magogo. Huko ni vamizi. Kinachotazamwa ni mmea unafanya nini pale ulipo, na hapo ndipo wanaoipinga kazi hii wana hoja ya maana, kama tutakavyoona.

Tuanze na kung'oa kwenyewe, kwa sababu makosa mengi huanzia mkononi. Chukua lantana, Lantana camara, kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko kilichotoka tropiki za Amerika kikasafirishwa duniani kote kuwa pambo la bustani. Ukikikata kwa panga juu ya ardhi, kisiki hujibu kwa machipukizi mengi kuliko mashina uliyokata. Ukikivuta kwa nguvu, mara nyingi shina hukatika na sehemu ya juu ya mzizi, ile yenye macho yanayochipua, hubaki udongoni. Watafiti wa India wakiongozwa na C. R. Babu wa Chuo Kikuu cha Delhi walipendekeza njia inayohitaji subira: unakata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa ardhi, chini ya ile sehemu inayochipua, kisha unakigeuza kichaka kizima kichwa chini, miguu juu, ili mizizi isiguse tena udongo. Anayefanya hivi anapiga magoti kwa kila kichaka, anafukua kwanza, anatafuta pa kukata. Mwenzake anayeshindania magunia hukata juu na kusonga mbele. Jioni rundo la huyu wa pili ni kubwa maradufu. Baada ya mvua mbili hakuna awezaye kuonyesha alipopita.

Hata kichaka kikiondolewa barabara, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kivuli kikishatoka, jua linafika ardhini na udongo uliotifuliwa unakuwa kitalu. Ndege walikuwa wamekaa kwenye kichaka hicho miaka, wakila matunda na kuangusha mbegu. Zote sasa zinapata nafasi kwa pamoja, na pale palipokuwa na kichaka kimoja panakuwa na zulia la miche. Kwa baadhi ya mimea hazina hiyo ya mbegu hudumu kuliko ajira ya meneja yeyote wa hifadhi: mbegu za miti ya jamii ya akasia kutoka Australia, iliyovamia nyanda za Rasi ya Afrika Kusini, hulala ardhini kwa miongo, na moto ndio unaoziamsha. Kwa mimea mingine hatari iko kwenye vipande. Mpungate wa jamii ya Opuntia ulioenea Laikipia, Kenya, huota mizizi kutoka kwenye pande lolote linaloanguka chini, kwa hiyo kundi la watu wenye bidii na mapanga, wasio na mpango wa kukusanya kila kipande, ni kundi linalopanda mipungate. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lina ubaya wa namna yake: mche mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nyepesi kiasi cha kusafiri kwenye tope la viatu na matairi, na mguso wake huleta muwasho mkali wa ngozi kwa watu wengi, na pumu kwa baadhi. Ling'olewe kabla halijachanua, kwa glavu, na viatu vipigwe brashi kabla ya kupanda basi. Ni mara chache nimeona brashi kwenye siku hizi za kujitolea. Kamera hazikosi.

Kuhusu tani, hakuna mfano unaoumbua kipimo hicho kama gugu maji. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa mmea huu ni maji. Anayetangaza kuwa kundi lake limetoa tani kumi ziwani ametangaza, kwa sehemu kubwa, kwamba limetoa maji ziwani. Na mmea wenyewe, ukipata joto na rutuba, waweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Maana yake ni kwamba ukiondoa nusu ya gugu lote la ghuba fulani, kazi ambayo hakuna kundi la siku moja linaloweza kuikaribia, umejinunulia siku kumi na nne. Ziwa Victoria lilijifunza hili kwa gharama. Gugu maji lilionekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000. Watu walilivuta kwa mikono, mashine zikaletwa. Lililolipunguza hasa ni fukusi wa spishi mbili za jamii ya Neochetina, wadudu wanaoula mmea huo, walioachiliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998. Wanasayansi wanabishana mpaka leo ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofanya kazi kubwa zaidi. Kwamba mikono haikuwa na sehemu kubwa, hawabishani. Na ukweli kwamba gugu limekuwa likirudi tangu wakati huo, likilishwa na mbolea na maji taka yanayotiririka ziwani, unaonyesha kuwa chanzo cha tatizo mara nyingi kiko mbali na pale mmea unapoonekana.

Je, basi, watu wakae nyumbani? Hapana, na ushahidi mzuri zaidi unatoka kwenye suala la ukubwa. Mwaka 2002 Marcel Rejmánek na Michael Pitcairn walichapisha uchambuzi wa juhudi za kutokomeza mimea vamizi huko California. Maeneo yaliyovamiwa yenye ukubwa wa chini ya hekta moja yalikuwa yakisafishwa kabisa kwa kawaida. Kati ya hekta 1 na 100, ni theluthi moja hivi tu ya juhudi zilizofanikiwa. Ukishavuka hekta 1,000, matumaini yalikuwa karibu hayapo. Miaka michache baadaye, mapitio ya miradi 30 ya kutokomeza mimea katika visiwa vya Galápagos yalikuta minne tu iliyofika mwisho, na yote minne ilihusu maeneo madogo sana. Upo mfano mkubwa unaokwenda kinyume: Australia Magharibi, mmea uitwao kochia ulipandwa mwaka 1990 kuwa malisho kwenye ardhi yenye chumvi, ukaenea zaidi ya hekta 3,000, na bado ukatokomezwa ndani ya miaka kumi hivi. Lakini mmea huo una mbegu zisizodumu udongoni, mashamba ulikopandwa yalijulikana, na serikali ilifuatilia kila moja bila kuchoka. Hata pale palipokuwa na ukubwa, kilichoshinda ni kurudi.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya mtu anayejitolea. Msitu wa maelfu ya hekta wa mathenge, mti vamizi wa maeneo kame, hauwezi. Kona ya nusu hekta kandokando ya kijito, ambako spishi vamizi imeanza tu kujitokeza, anaiweza kabisa, yeye na wenzake sita, wakirudi kila baada ya miezi miwili. Na hakuna mwingine atakayeifanya kazi hiyo. Timu za kulipwa hutumwa kwenye vichaka vikubwa kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Wadudu wa kudhibiti magugu huhitaji mmea mwingi wa kula ili wadumu. Zile kona ndogo, ambako ushindi upo kweli, hazina mwenyewe.

Walioliona hili mapema hawakuwa wanasayansi wa taasisi kubwa. Walikuwa dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, ambao katika miaka ya 1960 walianza kung'oa magugu kwenye msitu mdogo jirani na kwao, mtaa wa Mosman. Utaratibu waliojiwekea unaudhi kila mpenda rundo. Anzia pale msitu ulipo na afya, uende kuelekea palipoharibika, usianze na kichaka kibaya kuliko vyote. Usitifue udongo zaidi ya inavyolazimu, na majani makavu uliyoyaondoa uyarudishe. Na hili ndilo gumu: usisonge mbele mpaka mimea ya asili imelijaza pengo uliloliacha nyuma. Mwendo wa kazi unapangwa na msitu. Wao walitumia visu na koleo ndogo, wakatembea polepole, na walipoweza kuonyesha kwamba eneo walilopita limebaki safi, shirika la National Trust la New South Wales likaichukua njia yao katika miaka ya 1970. Mbinu hiyo ina mipaka yake. Palipoharibika kabisa, ambapo hakuna mbegu ya asili iliyobaki, hakuna kitakachojaza pengo, na wataalamu wa baadaye waliichanganya na mashine, dawa na upandaji. Kiini chake hata hivyo kimesimama.

Njia hiyo inamtaka mtu ajue anachokitazama. Katika kundi moja nililowahi kufanya nalo kazi, kiongozi alitukataza kugusa chochote mpaka kila mmoja wetu aweze kutenga miche ya aina mbili iliyofanana kama mapacha, mmoja wa asili na mwingine mvamizi. Tofauti pekee ilikuwa vinyweleo vya chini ya jani, na ilibidi uupitishe ukucha ili uvihisi. Wapo walionung'unika kwamba muda unapotea. Lakini fikiria hasara ya kosa hilo likizidishwa kwa watu mia mbili waliofika asubuhi hiyohiyo na wataondoka jioni hiyohiyo: wataing'oa ile miche ya asili iliyokuwa ndiyo tegemeo la eneo kupona, na hakuna atakayejua, kwa sababu guniani vyote ni kijani.

Nije kwa wapinzani. Juni 2011 Mark Davis na wenzake 18 waliandika katika jarida la Nature wakiwataka wahifadhi waache kuhukumu spishi kwa asili yake na watazame madhara na manufaa yake. Daniel Simberloff na wanasayansi wengine zaidi ya mia walijibu kwamba hakuna mhifadhi makini anayefanya hivyo, na kwamba madhara huweza kujificha kwa miongo kabla ya kujitokeza. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na kwa anayejitolea sehemu ya Davis ina uzito zaidi ya inavyokubaliwa. Mfano uliotajwa sana ni tamariski, mti wa Asia uliojaa kandokando ya mito ya kusini-magharibi mwa Marekani. Serikali ilitumia mamilioni kuupiga vita na mwaka 2001 ikaachilia mende wanaokula majani yake. Ikaja kuonekana kwamba ndege mdogo aliye hatarini kutoweka, Empidonax traillii wa ukanda huo, alikuwa akijenga viota kwenye mti huohuo kwa kuwa miti ya asili imekwisha, na mwaka 2010 idhini za kuachilia mende zikasitishwa. Kuondoa bila kuuliza nani anaishi humo, na atahamia wapi, ni nusu ya mpango.

Kuna mfano mwingine unaowagusa wanaojitolea moja kwa moja. Alliaria petiolata, mmea wa Ulaya wenye majani yanayonuka kitunguu saumu, umekuwa kwa miaka mingi kipenzi cha siku za kung'oa katika misitu ya Amerika Kaskazini: hutoka ardhini kwa urahisi, mtoto anaweza kuung'oa, rundo hukua haraka. Bernd Blossey wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walifuatilia maeneo kadhaa kwa zaidi ya miaka kumi, wakakuta kwamba mmea huo ukiachwa hupanda kwa wingi kisha hupungua wenyewe kadiri unavyokaa mahali. Kwa maoni yake, minyoo ya udongo iliyotoka nje na wingi wa paa ndio wanaoharibu misitu hiyo, na mmea ni dalili tu. Si kila mtu amekubaliana naye, na hali ya msitu mmoja haihamishwi kwa mwingine. Lakini angalia jinsi jambo lenyewe lilivyojulikana: mtu alirudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka, akahesabu, akiwa na viwanja vya kulinganisha ambavyo havikung'olewa. Wale waliohesabu magunia katika miaka hiyohiyo hawakuwa na namna ya kuligundua hilo, hata kama walikuwa maelfu.

Kutoka hapo wapo wanaoruka mpaka hoja dhaifu kuliko zote, kwamba asili ina hekima yake, itajipanga yenyewe, tuiache. Huvutia kwa sababu inasikika kama unyenyekevu. Lakini asili kujipanga hakuna maana ya kujipanga namna ambayo viumbe waliopo wataishi. Waulize wafugaji wa Baringo. Mathenge, Prosopis juliflora, uliletwa katika maeneo kame ya Kenya kwenye miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Ukajipanga vizuri kabisa: mbuzi walikula maganda yake matamu, wakazitawanya mbegu kwa samadi, vichaka vikaziba malisho na njia za maji. Utamu uleule ukaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi waliifungulia serikali kesi, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kuwa kielelezo. Mfumo mpya ulikuwa umetulia, naam, isipokuwa haukuwa na nafasi ya watu, mifugo na nyasi zilizokuwapo. Tena anayesema tuiache asili husahau kwamba asili haikuileta mathenge. Ilikuja kwa meli na ndege, kwa mipango na saini. Kujitoa katikati ya jambo ulilolianzisha hakuwezi kuitwa kutokuingilia.

Watetezi wa siku kubwa za kujitolea nao wana hoja, na yenye nguvu zaidi ni ya uelewa. Mtu aliyewahi kupambana na mzizi mmoja wa lantana hatapanda lantana bustanini mwake, wanasema, na kura yake na mchango wake vitafuata. Inawezekana, na kwa kuwa bustani ni mojawapo ya njia kuu ambazo mimea vamizi hupitia kuingia porini, faida hiyo si ndogo. Ila ukiifuata hoja hiyo kwa dhati, siku yenyewe ingepangwa vingine. Ungechukua watu thelathini badala ya mia tatu. Ungewapeleka kwanza kwenye kipande kilichosafishwa miaka mitatu iliyopita, waone miche inavyorudi. Ungewafundisha kutambua spishi tano na kuwapa njia ya kutoa taarifa wakiiona mojawapo popote. Wasingejaza hata magunia kumi. Kampeni ikidai kuwa lengo lake ni elimu huku ikijipima kwa tani, nitaamini kile inachokipima.

Hoja ya pili, kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna, nimekwisha kuijibu kwa mipungate. Kidogo kilichofanywa vibaya kinaweza kuwa kibaya kuliko hakuna.

Zaidi linanisumbua swali la jasho. Afrika Kusini ilipoanzisha Working for Water mwaka 1995, chini ya waziri Kader Asmal, iliichukulia kazi ya kuondoa miti vamizi kuwa ajira: miti hiyo ilikuwa inakunywa maji ya mabonde, na watu maskini walihitaji mshahara. Watu walifunzwa, wakalipwa, wakapewa vifaa. Mbele ya mpango kama huo, kundi la kujitolea linalofanya kazi ileile bure linaweza kuwa linamnyang'anya mtu riziki, na mkuu wa hifadhi mwenye bajeti finyu anajua ni lipi la bei nafuu. Lakini Working for Water yenyewe inatupa onyo. Tathmini iliyochapishwa 2012 na Brian van Wilgen na wenzake ilionyesha kuwa baada ya miaka 15 na randi bilioni 3.2, kazi ilikuwa imegusa sehemu ndogo tu ya maeneo yaliyovamiwa, na uvamizi ulikuwa umeongezeka katika sehemu nyingi. Nguvu ilikuwa imetawanywa mno, na kipimo kilichopendwa kilikuwa siku za kazi na hekta zilizopitiwa. Kumbe hata mshahara haukuokoi na ugonjwa wa magunia. Mgawanyo ninaouona kuwa wa haki ni huu: kazi nzito ya vichaka vikubwa, yenye misumeno na dawa za kupaka visiki, iwe ya watu wanaolipwa na waliofunzwa; udhibiti kwa wadudu, ambao ripoti ya IPBES inaonyesha umefanikiwa katika zaidi ya asilimia 60 ya visa vilivyoandikwa, ufanywe na taasisi za utafiti; na wanaojitolea wachukue ulinzi wa kona ndogo na kazi ya jicho, ambayo hakuna bajeti inayoweza kuilipia kwa upana unaohitajika.

Lipo pia pendekezo la kuugeuza mmea kuwa mali: mkaa wa mathenge, vikapu vya gugu maji, mbolea. Silipingi kwa anayehitaji kipato leo. Soko hata hivyo hupenda bidhaa isiishe, na mkata mkaa mwenye akili ataacha kisiki kichipue.

Kama haya yana ukweli, yapo mambo ya kubadilika na hayahitaji fedha nyingi mpya. Taarifa ya kikundi iache kutaja uzito. Itaje kipande gani, chenye ukubwa gani, kilichosafishwa lini, kimetembelewa mara ngapi tangu hapo, na miche mingapi imekutwa kila mara. Namba hiyo ya mwisho ikishuka, kazi inakwenda vizuri, na gunia litakuwa jepesi mwaka hadi mwaka. Wafadhili nao itabidi wazoee ripoti ambayo mafanikio yake yanaonekana kama uvivu: watu sita walikwenda, walizunguka saa tatu, walikuta miche kumi na mmoja. Fedha za fulana zihamie kwenye nauli ya hao sita na posho ya mratibu mmoja anayewajua kwa majina, kwa sababu vikundi hivi hufa pale mratibu anapoondoka. Na anayejitolea aulize maswali mawili kabla ya kupanda basi: nani atarudi hapa baada ya mvua, na kinachotazamiwa kuota badala ya hiki ni nini. Mwandaaji asiye na jibu la swali la kwanza hajaandaa kazi, ameandaa matembezi.

Kisha linabaki lile ambalo wasimamizi wa hifadhi hawapendi kulitamka. Kuchagua kona ndogo za kulinda ni kukubali kwamba sehemu nyingine haziguswi, pengine kwa miaka kumi. Uamuzi huo sasa hivi unafanyika kimyakimya, kwa kutokuwa na watu. Ingefaa uandikwe kwenye ramani, uwekwe saini, na uwe na sababu zake, ili ubishaniwe na watu wanaoishi jirani na vichaka hivyo na wanaoumia navyo. Meneja atakayeiweka saini hiyo atalazimika pia kumweleza mfadhili kwamba kile kichaka kikubwa cha getini, kinachopendeza sana kwenye picha, mwaka huu hakina ratiba.